El Salvador ya Ludovick

Rissne, 3 Septemba 2024

Mdogo wangu Ludovick,

Salamu zikufikie kutoka Rissne, ghorofa ya nne, ambako lifti ni nzima na mimi ndiye mbovu. Wewe na shemeji Gaudiose hamjambo? Na magoti yako? Nasikia bado yanapanda baiskeli. Brigitha, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Uswidi, alinipigia simu baada ya misa ya Kiswahili kunieleza jinsi ulivyofika Sundbyberg na kikapu cha maharage mabichi kutoka bustani yako ya Spånga, ukasimama mlangoni ukigawa, na watu wazima na akili zao wakapanga foleni. "Ungemwona Ludovick," akasema, "kama kijana." Sikuwa nimemwuliza.

Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu wa miaka themanini na mbili ambaye moyo wake umechoka kusukuma. Daktari, binti mmoja mpole, aliniambia mwezi uliopita kwamba sasa hawashughuliki tena na kuniponya, wanashughulika na kunipunguzia taabu. Nilimwuliza kama nitafika Krismasi. Akasema Krismasi ni mbali. Asubuhi na jioni anakuja Vumilia, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anayetumwa na huduma ya wazee ya manispaa. Ananivisha soksi za kubana miguu na kunigombeza. "Papa, weye unaandikaka kuliko unakulaka," ameniambia leo, akiitazama karatasi hii kama chakula nilichokificha.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu, wakati kutoka hapa hadi kwako ni safari fupi ya basi. Kwenye simu utanichekesha nami nitasahau nililokusudia. Tangu mazishi ya mke wangu Domina, miaka sita sasa, kila tukipigiana simu ni hivyo.

Nina swali moja. Mwaka 1996, kitabu chako juu ya El Salvador kilipokuwa kinaandaliwa, ulituambia mezani kwangu kwamba hiyo ni nchi ya kwanza tu; utaandika zote saba za Amerika ya Kati, hadi Panama, ili mkulima wa kahawa wa Kagera awajue wenzake wa upande wa pili wa dunia. Hukuandika hata ya pili. Kwa nini? Nijibu hilo, kisha nami nitakuwa na la kukuambia. Usichelewe. Siku hizi posta inaleta barua siku moja na kuruka moja, nami siku za kuruka sina.

Kaka yako,
Gervas


Spånga, 11 Septemba 2024

Kaka Gervas,

Shikamoo. Barua yako aliniletea Gaudiose bustanini, mbio, ameishika kwa vidole viwili. "Imeandikwa kwa mkono," akasema, "nani amekufa?" Nikamwambia hajafa mtu, ni Gervas, na Gervas hata akifa ataandika kwanza.

Pole sana na moyo. Hukuniambia kwamba umefika hapo. Tutakuja mwisho wa mwezi tukimaliza kuvuna viazi, na utakula, Vumilia akitaka akushike mikono. Sisi hatujambo. Gaudiose ana mafua na anasema ni mimi niliyemletea. Magoti yanalia kama mlango, lakini yanakwenda.

Swali lako lina jibu jepesi, kaka. Mimi si mwandishi. Usidhani najishusha. Kitabu kile nilikisoma kilipotoka na nikasinzia mimi mwenyewe. Unakumbuka siku ya kukizindua, kwenye ule ukumbi wa Sundbyberg? Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na nilipoinua macho watu wote walikuwa wanatazama sambusa. Nikajisemea: kamati ya wachapishaji ilikuwa na haki. Kama hiki kilichosafishwa kiko hivi, ule mswada wangu ungekuwa aibu ya namna gani? "Mwandishi huyu anadhani yuko kilabuni." Si ndivyo kamati ilivyosema? Wewe ulinieleza kwa upole sana, ukakaa na kurasa zangu wiki sita ukaniokolea kilichookoleka. Ndiyo maana kwenye shukrani nilikutaja wewe kabla ya mke wangu. Gaudiose hajanisamehe mpaka leo.

Nakala mia tatu na kitu ziko stoo ya chini. Nne ziko chini ya mguu wa friza, ambalo lilikuwa linayumba, zimefaa sana. Basi nikalima. Maharage hayana kamati.

Sasa sema hilo lako.

Mdogo wako,
Ludovick


Rissne, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu Ludovick,

Marahaba. Mpe shemeji pole ya mafua. Mimi nimeamka na pumzi fupi, lakini nimeamka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili niliona wivu, kwa sababu mtu anayeandika "magoti yanalia kama mlango" kwa haraka, kati ya viazi na viazi, amepewa kitu ambacho mimi nilikifundisha miaka thelathini na sikupewa. Ya tatu nilimwambia Vumilia anisogezee meza.

Usije mwisho wa mwezi kabla hujaimaliza barua hii. Ukiimaliza, kuja au kutokuja ni juu yako.

Hakukuwa na kamati, Ludovick. Kamati ilikuwa mimi.

Shirika la elimu ya watu wazima lililochapa kitabu chako halikuwa na mtu hata mmoja aliyejua Kiswahili. Yule mama wa ofisini alinikabidhi mswada akaniomba nitazame tahajia tu, wachape kabla ya likizo ya kiangazi. Hayo ndiyo yote aliyosema. Maneno ya kilabuni ni yangu. Niliyatunga kwenye treni nikija kwako, na nilipoyatamka nilikutazama usoni nione yameingia wapi. Yaliingia. Ukaniuliza, "Yote, kaka? Hawakupenda hata kidogo?" Nikakuambia tutaokoa kinachookoleka.

Nieleze tangu chanzo. Mwaka 1993 vita vya kule El Salvador vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu, na ushirika wa wakulima wa kahawa kwenye vilima vya magharibi ulitaka mtu anayeijua kahawa. Tangazo nililiona mimi gazetini. Mimi nilikukatia, nikakuletea, tukaomba wote wawili. Wewe bwana shamba, mimi mwalimu. Haki ilikuwa yako, na hata wakati ule nilijua. Lakini kujua hakukunizuia kulihesabu tangazo lile kuwa langu. Ulikaa huko miaka miwili. Barua zako zilipofika, Domina alinisomea mezani, na chakula changu kikapoa.

Kisha ukarudi na madaftari, kwa ule mwandiko wako wa kuku. Domina alikuwa karani, akajitolea kuyapiga chapa. Kila Jumamosi mchana alikaa jikoni na mashine, mimi nikiwa sebuleni na madaftari ya wanafunzi, na kutoka jikoni nikawa namsikia anacheka. Si kicheko cha adabu. Kicheko cha mtu aliyejisahau, anayepiga meza kwa kiganja. Namwuliza, "Nini?" Ananijibu, "Utasoma mwenyewe ukifika hapo." Tulikuwa na miaka ishirini na minane ya ndoa. Sikumbuki kama nilishamchekesha hivyo. Nikaanza kuuchukia mlango wa jikoni.

Mswada ule alioupiga chapa yeye ninao hapa mbele yangu, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Niliuficha kwenye sanduku la vyeti. Nakunakilia sehemu chache, uone kazi yangu.

Wewe uliandika: "El Salvador ni ndogo, ingeingia yote ndani ya Mkoa wetu wa Kagera na nafasi ya kuchungia mbuzi ikabaki. Ndiyo maana watu wake wanasema kwa sauti kubwa, wasije wakasahauliwa ramani inapokunjwa." Mimi nikaandika: "El Salvador ina eneo la kilomita za mraba 21,041."

Wewe uliandika: "Wahispania walipofika mwaka 1524, Wapipil, wenye nchi, hawakuwa na habari kwamba wamegunduliwa. Walimpokea jemadari kwa mshale wa paja, akachechemea mpaka kaburini." Mimi: "Wahispania walifika mwaka 1524."

Wewe: "Wana mti wa zeri, wenye utomvu unaonukia hata makanisa ya Ulaya yakaulilia. Kwa kuwa ulisafirishwa kupitia bandari ya Peru, dunia nzima inauita zeri ya Peru mpaka leo, na Wasalvador wamechoka kueleza." Mimi: "Rasilimali nyingine ni zeri."

Ile volkano ya Izalco, iliyowaka karibu miaka mia mbili hata mabaharia wakaitumia kama taa, wakajenga hoteli juu ya mlima wa jirani ili wageni waitazame ikitema moto, na hoteli ilipokamilika volkano ikazimika! Nimeicheka leo mpaka Vumilia akaja kunishika mgongo. Mwaka ule niliikata yote kwa sababu si rasilimali.

Na siku yako ya kwanza shambani. Mtaalamu kutoka Uswidi anashika tawi la mbuni na kulikamua lote kikapuni kama tunavyofanya nyumbani kwa robusta, mbivu, mbichi na majani. Bibi mmoja anakinyang'anya kikapu, anakimwaga miguuni pako na kuwauliza wenzake, "Huyu ndiye waliyemlipia ndege?" Kisha anakuchumisha punje nyekundu mojamoja, na kila moja unamwonyesha kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo Domina alipopiga meza kuliko siku zote. Nilichoacha mimi ni hiki: "Uchumaji hufanywa kwa kuchagua matunda yaliyoiva."

Hayo ni ya kuchekesha. Nilifanya na yasiyochekesha. Uliandika kurasa tatu juu ya mwaka 1932, jinsi maelfu ya wakulima, wengi wao Wapipil, walivyouawa kwa majuma machache, na waliobaki wakaacha mavazi yao na lugha yao mbele za watu wasije wakatambuliwa. Mimi nikaandika: "Machafuko yalitokea." Niliwanyima hata wafu haki yao, Ludovick, kwa sababu ulikuwa umewaandika vizuri.

Kurasa mia mbili na kumi na mbili zikawa themanini na nane. Nikakuambia ndicho Kiswahili sanifu. Nawe ukanishukuru kwenye ukurasa wa pili.

Domina alikisoma kilipotoka, amesimama kwenye sinki. Alisoma kurasa nne, akakifunga, akafuta mikono, akanipakulia chakula. Mashine ya kupigia chapa aliifunika, na kwa miaka yote iliyobaki hakumpigia chapa mtu tena.

Lipo jingine ambalo msomi hapaswi kuliandika. Mwaka 1969, mbele ya babu yako kule nyumbani Kanyigo, mimi na wewe tulikula omukago. Tulichanjwa karibu na kitovu, punje ya kahawa ikagawanywa, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake, tuwe ndugu wasiofanyiana hila. Babu yako alituambia atakayevunja, punje itamvimba tumboni. Sasa tumbo langu limevimba. Kila wiki mbili wanalitoboa kwa sindano na kutoa lita nne za maji. Daktari anasema ni moyo, naye anasema kweli. Lakini kila wanapomaliza namwuliza muuguzi kama kuna kingine kilichotoka, na anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nataka kukuambia kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Nimeusoma mswada wiki nzima na umeniuma upya, kila ukurasa. Nakuonea wivu shemeji anayekimbia bustanini na barua. Nakuonea wivu hata wale waliopanga foleni ya maharage. Lakini sitaki kufa nikiwa kamati.

Nataka uje. Nataka uniambie usoni utakaloniambia.

Kaka yako,
Gervas


Rissne, 15 Oktoba 2024

Mdogo wangu Ludovick,

Hamjambo? Naandika kwa ufupi.

Wiki tatu zimepita. Nilidhani barua imepotea, nikatamani iwe imepotea. Lakini Brigitha amesema alikuona kanisani, ukamsaidia kubeba viti. "Hakucheka hata mara moja," akasema. Nikafurahi kwamba hukucheka; kwanza nilifurahi, kisha ndipo nikaona aibu. Unaona mtu niliye.

Vumilia amepeleka kifurushi posta. Ndani ni mswada wote, jinsi Domina alivyoupiga chapa, bila alama yangu hata moja. Ni wako. Ulipaswa kuwa kwako miaka ishirini na minane iliyopita.

Kaka yako,
Gervas


Spånga, 3 Novemba 2024

Gervas,

Shikamoo yako sijaiona mfukoni leo.

Barua yako niliisoma kwenye kibanda cha bustani, nikabaki humo mpaka Gaudiose akaja kunitafuta. Sikumwambia kitu siku tatu. Siku ya nne nilimwambia, naye akaenda kuvitoa vile vitabu chini ya mguu wa friza, akavitupa mlangoni. Friza linayumba tena.

Unaeleza vizuri. Tangu shuleni ulikuwa unaeleza vizuri. Unanakili sentensi zangu na zako, unajicheka, na msomaji anaanza kukupenda. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hizo sentensi. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Nilikuwa na daftari la Honduras lenye kurasa arobaini, na la Belize nilikuwa nimeanza. Niliyachoma mwaka 1997 kwenye pipa la bustani, kwa sababu wewe ulisema. Hilo hukulijua. Sasa lijue. Hukukata kitabu kimoja tu.

Na nilikuonea huruma! Wiki sita nilikuwa namwambia Gaudiose, "Maskini kaka, anajitesa kwa ajili ya upuuzi wangu." Nilikuletea samaki.

Sasa Domina. Hujaniuliza neno juu yake, lakini barua nzima inauliza. Alikuwa ananipigia simu kutoka kazini kwake kwa kila neno asiloweza kulisoma. Siku moja nilimwambia, mbona usimwulize mumeo hapo nyumbani, yeye ndiye anayeujua mwandiko wangu tangu utoto. Akasema: "Huyu simwonyeshi bado. Gervas akicheka sawasawa huwa anatoka machozi. Sijamwona hivyo tangu tuje Ulaya. Namwekea."

Alikuwa anakuwekea wewe, Gervas. Alikuwa anapita kwanza kuona palipo pazuri, ili ukifika ucheke. Nawe ukafika na kalamu nyekundu.

Kifurushi kimefika. Sijakifungua. Sitakuja.

Ludovick


Rissne, 10 Novemba 2024

Mdogo wangu Ludovick,

Natumaini shemeji hajambo.

Kipande cha Domina nimemsomea Vumilia kwa sauti, kwa sababu nilipokisoma peke yangu sikukiamini. Akakunja taulo, akasema, "Papa, weye ulikuwa mujinga kabisa." Nikamwambia ndiyo. Akaniletea chai.

Miaka yote hii nimekuonea wivu kwa kicheko kilichokuwa kimewekwa kwa ajili yangu. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo.

Sikuombi tena uje. Naomba moja tu. Daftari la Honduras limeungua, lakini aliyeliandika yupo, anabeba viti. Fungua kifurushi. Kisha andika.

Kaka yako,
Gervas


Spånga, 1 Desemba 2024

Kaka Gervas,

Shikamoo. Unaendeleaje na pumzi? Brigitha amesema sasa umewekewa mashine ya oksijeni karibu na kitanda. Pole, kaka.

Bado nina hasira. Nimechimba bustani yote nayo, hata pasipohitaji kuchimbwa, mpaka udongo ulipoanza kuganda na jembe likakataa. Ndipo nikarudi ndani, sina pa kwenda, na kifurushi kiko mezani.

Gaudiose ndiye aliyekifungua. Akaniamuru nimsomee wakati anakaanga ndizi. Nilipofika kwenye yule bibi na kikapu, akazima jiko. Akasema, "Ludo, mimi nilidhani niliolewa na mtu wa maharage." Kisha akaanza kunigombeza, kwamba nimemficha huyu mwingine miaka yote. Nimejaribu kumweleza kwamba hata mimi nilikuwa nimefichwa.

Basi nimejaribu. Wiki mbili, kurasa nane. Honduras sikuiweza, imekwenda na moshi. Nimerudi El Salvador, kwenye jambo ambalo mwaka ule sikuwa na ujasiri wa kuliandika. Lakini nitakuambia ukweli: kila nikiandika sentensi, naisikia kamati. Najua kabisa kwamba haikuwapo, nimeshika barua yako inayosema haikuwapo, na bado naisikia, kwa sauti yako, tena ile ya upole. Naandika mstari, nakata mistari miwili. Nina miaka sabini na tisa. Kwa mwendo huu nitakufa kwenye ukurasa wa tisa.

Kwa hiyo nakutumia kurasa hizi, kwa kuwa kamati ni wewe na hakuna mwingine wa kuivunja. Zisome bila kalamu. Ukimaliza, niandikie neno moja: endelea, au acha. Ukisema acha nitaacha, na safari hii nitajua ni kweli, kwa sababu mtu aliyefika hapo ulipo hana haja ya kunidanganya. Usiniandikie endelea kwa ajili ya kutaka nije. Nitakuja Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, neno lolote utakaloniandikia.

Mdogo wako,
Ludovick


Rissne, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu Ludovick,

Marahaba, marahaba. Salamu kwa shemeji, mwambie ana haki ya kukugombeza. Mimi niko kitandani muda wote sasa. Mashine inapumua na mimi naifuatisha. Mwandiko huu ni wangu, ndiyo maana unapanda mlima. Nimeuandika kwa siku tatu.

Kurasa zilifika Ijumaa. Nilimwomba Vumilia azichukue kalamu zote za chumbani azipeleke jikoni. Akauliza kama nimegombana nazo.

Nimewasoma wale watu wako wawili, askari wa zamani na mpiganaji wa msituni, waliopewa mashamba yanayopakana baada ya amani. Hawasalimiani, mwaka wa kwanza wala wa pili. Lakini kila mmoja asubuhi anasikiliza panga la mwenzake linavyokata majani, na siku likichelewa, anatuma mtu kuuliza kama kuna homa nyumba ile. Nilipofika hapo niliziweka kurasa kifuani. Nilikuona kabisa umekaa mezani kwako, nikaona wivu ule ule wa mwaka 1996, mbichi, kana kwamba mwili huu haukuwa na kazi nyingine ya kufanya kwa nguvu zilizobaki. Ningetoa kila daftari nililosahihisha maishani ili hilo la panga niwe nimeliona mimi.

Sikucheka. Si pa kucheka. Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia.

Ukurasa wa sita kuna kosa la mwaka. Mkono ulikwenda wenyewe kutafuta kalamu kwenye meza tupu, nikaurudisha chini ya blanketi. Utaliona mwenyewe. Mwandishi ni wewe.

Neno uliloniomba ni endelea. Sikuandikii hilo kwa ajili ya Alhamisi. Ningekuandikia hilohilo hata ungekuwa umesema huji kamwe, na lingenichoma vilevile.

Lakini kwa kuwa unakuja, njoo na kurasa zinazofuata, hata kama ni moja, hata kama umeikatakata. Umeniacha pabaya: askari amesimama mpakani, amevua kofia, ameamkia, na yule mwingine bado ameinama kwenye mbuni. Ukinikuta nimelala, niamshe. Nataka kujua kama aliitikia.

Kaka yako,
Gervas